RUFAA SI DAWA

Katika hospitali zetu limezoeleka neno moja hata likawa kama jina la dawa. Neno hilo ni rufaa. Mgonjwa huletwa, hutazamwa, huandikiwa karatasi, hutiwa garini, na kila mtu hurejea kazini kwake na moyo mweupe, kwani mgonjwa "amepewa rufaa". Leo twataka kusema wazi, bila ya kumung'unya maneno, kwamba kwa mtu aliyeumia ubongo na damu ikawa inavuja ndani ya fuvu, karatasi ya rufaa haimtibu. Mara nyingi humwandikia njia ya kwendea kaburini.

Mfano wetu ni Rwamishenye. Msomaji wa Unguja au wa Pemba huenda akauliza: Rwamishenye ni wapi, nasi yatuhusu nini? Rwamishenye ni kata ya Manispaa ya Bukoba, katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria. Atokaye Muleba kwa barabara kwenda Bukoba mjini hupita hapo. Ni nchi ya migomba na kahawa, na siku hizi, kama kila pahala petu, ni nchi ya pikipiki. Yatuhusu kwa sababu mtu wa Rwamishenye na mtu wa kisiwani wana msiba mmoja: baina yao na mpasuaji wa ubongo pana maji mengi au njia ndefu, na kichwa kilichoumia hakijui kungoja.

Tumchukue kijana mmoja wa bodaboda. Hatumpi jina, kwa kuwa si mmoja. Ni wakati wa magharibi, mvua imenyesha, naye amempakia abiria wa kwenda upande wa Muleba. Mbele yake pana lori la ndizi lililosimama kando ya njia bila ya taa. Anaanguka. Kofia yake ngumu anayo, lakini imetundikwa kwenye usukani. Watu wanakusanyika, wanamwinua, naye anasimama kwa miguu yake na kusema, "Mimi mzima." Anapewa maji, anacheka kidogo, anapelekwa kwao.

Baada ya saa moja anasema kichwa chamwuma. Anatapika. Kisha analala, na mama yake anashukuru kwamba mtoto amepata usingizi. Usingizi gani huo! Pigo la ubavu wa kichwa limepasua mfupa na mfupa umekata mshipa wa damu. Damu yamwagika taratibu baina ya fuvu na utando mgumu unaoufunika ubongo. Anapofikishwa hospitali hafumbui macho, haitiki jina lake, na mboni ya jicho moja imetanuka kuliko ya pili.

Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabiwa, na hapo ndipo tunapotaka kila mwananchi aelewe kinachotokea, ili asidanganywe na mtu yeyote.

Fuvu ni kasha la mfupa. Halitanuki kama tumbo wala halivimbi kama mguu. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu iliyo katika mishipa, na maji yanayouzunguka ubongo. Tangu mwaka 1783 daktari Monro wa Edinburgh alieleza kwamba kasha hili halina nafasi ya ziada. Kikiongezeka kimoja, sharti kingine kisukumwe nje. Bonge la damu likikua, kwanza maji hutolewa, kisha damu ya mishipani hupunguka, na mwisho ubongo wenyewe husukumwa kuelekea tundu kubwa lililo chini ya fuvu, pale unapokutana na uti wa mgongo. Sehemu inayobanwa hapo ndiyo inayoamrisha pumzi. Mboni iliyotanuka ni kengele ya mwisho inayotuambia kwamba kusukumwa huko kumekwisha kuanza.

Jee, dawa yake ni nini? Hakuna sindano inayoyeyusha bonge hilo. Dawa zipo za kupunguza uvimbe kwa muda mfupi, nazo hununua dakika tu. Dawa yenyewe ni kulifungua kasha: kutoboa mfupa, kuinua kipande chake, kulitoa bonge la damu na kuufunga mshipa unaovuja. Ni kazi ya zamani katika udaktari, na msingi wake ni rahisi kueleweka na kila fundi aliyewahi kuona chombo kilichojaa kikipasuka. Mgonjwa wa bonge la nje ya utando, akifunguliwa mapema, aghalabu hupona na kurejea kazini. Akicheleweshwa hufa, au huishi asimjue mkewe.

Wakati ndio wenye hukumu. Mwaka 1981 madaktari wa Richmond, katika jimbo la Virginia huko Marekani, walichapa khabari za wagonjwa 82 wenye bonge kali la damu chini ya utando wa ubongo, ambalo ni baya zaidi kuliko la kijana wetu. Waliopasuliwa ndani ya muda wa saa 4 tangu kuumia, walikufa 30 katika kila 100. Waliopasuliwa baada ya muda huo, walikufa 90 katika kila 100. Watafiti waliofuata hawakuona wote mpaka mkali kama huo, lakini madaktari wa dunia nzima wamebaki na amri ile ile: bonge kubwa linaloukandamiza ubongo litolewe upesi iwezekanavyo.

Sasa tuitazame njia. Kwa mpango wa rufaa, hospitali ya kanda kwa watu wa Ziwa ni Bugando, iliyoko Mwanza. Kutoka Bukoba kwa barabara, kupitia Muleba, Biharamulo na Geita, ni zaidi ya kilomita 400. Zamani msafiri alipofika Busisi alingoja kivuko. Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita zipatazo 3, na mwenye macho hawezi kulikana. Lakini daraja limeondoa foleni ya kivuko; halikuondoa kilomita. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, bila ya kusimama hata mara moja, bila ya tuta, ng'ombe wala mvua, litatumia muda wa saa 5. Hapo hatujahesabu muda wa kumtoa mgonjwa Rwamishenye, kumtazama, kupiga simu, kutafuta mafuta, kumtafuta muuguzi wa kufuatana naye, na jamaa kuchangishana fedha. Meli ya Bukoba na Mwanza husafiri usiku kucha. Ndege haingojei mgonjwa, na jamaa wa mwendesha bodaboda hawaijui bei yake. Hata hospitali ya kanda iliyojengwa Chato, katika mkoa wa Geita, haiko mlangoni mwa Rwamishenye. Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko mbali zaidi ya kilomita 1,000.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Anayempa rufaa mgonjwa wa namna hii, na kumpeleka safari ya muda wa saa 6 au 7 kwa maradhi yanayotaka mkono ndani ya saa 4, afahamu kwamba hesabu yake haijibu.

Hatumlaumu daktari wa zamu anayeiandika karatasi ile. Yeye hana la kufanya. Hakufundishwa kuinua mfupa wa fuvu, hakupewa kekee wala msumeno, na akijaribu peke yake akakosea atasimamishwa yeye, si waliomnyima vyombo. Lawama yetu ni juu ya fikra. Nayo ni fikra ya kwamba ubongo ni kiungo cha kitukufu kinachoweza kuguswa katika miji mikubwa tu, na ya kwamba mtu wa wilayani anastahili kupelekwa mahali badala ya kutibiwa alipo.

Fikra hiyo ni uwongo, na historia ya Ziwa lenyewe yaikanusha. Upande wa mashariki ya ziwa hilo, katika nchi ya Wakisii wa Kenya, walikuwapo waganga walioitwa ababari, ambao kazi yao ilikuwa kufungua fuvu. Mtu aliyepigwa kichwani akabaki na maumivu yasiyokwisha alikwenda kwao. Walipasua ngozi, wakaukwangua mfupa kidogo kidogo kwa kisu kilichopinda mpaka utando wa ubongo ukaonekana, wakafunika. Jarida la udaktari la Afrika Mashariki lilichapa khabari zao mwaka 1958, na madaktari wa Kizungu walistaajabu kuona watu wengi waliokuwa wakitembea wazima baada ya kazi hiyo. Hatusemi turejee kwenye kisu cha mbari. Kazi yake aghalabu ilikuwa kwa maumivu ya muda mrefu, wala hakuwa na dawa ya usingizi wala njia ya kuua vijidudu. Tunasema jambo moja tu: asije mtu akatwambia kwamba mkono wa Mwafrika wa pwani ya Ziwa hauwezi kufundishwa kufungua fuvu. Ulikuwa ukifungua kabla ya barabara ya lami.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi kwa miaka. Mwaka 2006 daktari mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika katika hospitali ya Haydom, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara. Hospitali hiyo iko mbali na miji, na mpasuaji wa ubongo haikuwa naye. Angaliweza kufanya kama wageni wengi wanavyofanya: kupasua kwa miezi michache, kupigwa picha, kisha kuondoka, na wagonjwa wa mwezi unaofuata wakafa kama kawaida. Yeye alimchukua daktari msaidizi wa pale pale, Emmanuel Mayegga, akamfundisha kazi ya ubongo hatua kwa hatua. Mwalimu alipoondoka, mwanafunzi aliendelea kupasua, naye akafundisha wengine. Elimu ilibaki Haydom, kwa sababu iliwekwa ndani ya mtu wa Haydom.

Na kama mtu atasema daktari msaidizi hafai kushika kazi kubwa, tutamwuliza: mama zetu wa wilayani wamepasuliwa na nani miaka yote hii walipokuwa hawawezi kujifungua? Mwaka 2009 ilichapwa ripoti ya uchunguzi katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, majirani wa Kagera. Ilionekana kwamba operesheni kubwa za uzazi zilifanywa kwa wingi na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakupishana sana na ya madaktari wenye shahada. Taifa lililowaamini watu hawa kwa roho mbili, ya mama na ya mtoto, laona tabu gani kuwafundisha operesheni moja ya kichwa?

Mfano wa tatu uko hapa hapa visiwani. Mwaka 2014, kwa msaada wa madaktari wa Hispania wakiongozwa na José Piquer, ilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Zanzibar nzima haikufika watu milioni 2. Mkoa wa Kagera kwa hesabu hiyo hiyo ulikaribia watu milioni 3. Ikiwa watu wasiofika milioni 2 wamestahiki pahala pa kufunguliwa kichwa kilichovunjika, na sisi twasema wamestahiki kabisa, basi watu milioni 3 wamekosa nini? Wala sisi tusijisifu mno. Taasisi iko Unguja, na baina ya Pemba na Unguja kuna bahari. Hoja tunayoisemea Rwamishenye ndiyo hoja ya Mkoani, Wete na Micheweni.

Hapa tunawasikia wakubwa wakijibu. Majibu yao tunayajua, basi tuyachukue moja moja.

Watasema: hakuna mashine. Twajibu: mashine ya CT Scan ni kitu chema, na katika fedha za mkopo wa IMF wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, sehemu ilikwenda kununua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Lakini picha humwonyesha mpasuaji mahali pa kupasua. Ikiwa mpasuaji hayupo, picha yaonyesha tu kile kitakachomwua mgonjwa njiani. Na siku mashine itakapoharibika, tukumbuke kwamba mgonjwa wa kwanza duniani kupigwa picha hiyo alipigwa London mwaka 1971. Kabla ya hapo madaktari walimtazama mgonjwa, wakaona mboni ipi imetanuka, wakatoboa upande huo kwa kekee ya mkono isiyopishana sana na ya seremala. Walikosea mara nyengine, lakini waliokoa wengi. Na kipimo cha kuujua ukali wa ajali hakitaki mashine yoyote. Tangu mwaka 1974 kiko kipimo cha Glasgow: mgonjwa afumbua macho vipi, ajibu vipi, asogeza viungo vipi. Mzima hupata 15, aliye chini kabisa hupata 3, na anayepata 8 au chini yake ameumia vibaya. Muuguzi yeyote hufundishika.

Watasema: hakuna chombo cha kupima presha ya ndani ya fuvu. Twajibu: mwaka 2012 ilichapwa ripoti ya wagonjwa 324 wa Bolivia na Ecuador, nchi zisizo tajiri. Nusu yao walitibiwa kwa kufuata chombo hicho, na nusu kwa kutazamwa na daktari na kupigwa picha. Kundi la chombo halikuonekana kulishinda jengine. Chombo kikipatikana ni kheri. Kukikosa hakumpi mtu ruhusa ya kukaa kitako.

Watasema: kufungua fuvu pekee hakutoshi, na wengine wakifunguliwa hubaki vilema. Hili ni jibu la haki, nasi hatutaki kumficha mwananchi. Ziko operesheni mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile tuliyoieleza, ya kulitoa bonge la damu. Ya pili ni ya kuondoa kipande kikubwa cha mfupa na kukiacha nje kwa muda, pengine kikihifadhiwa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, ili ubongo uliovimba wote upate nafasi. Hii ya pili ina mashaka yake. Mwaka 2011 uchunguzi wa wagonjwa 155 ulionyesha kwamba kuifanya mapema kwa ubongo uliovimba pande zote kulishusha presha, lakini waliofanyiwa walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya miezi 6. Mwaka 2016 uchunguzi mwengine, wa wagonjwa 408 ambao presha yao ilikuwa imekataa kila dawa, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 walikufa 26.9 katika 100 kwa waliofunguliwa, na 48.9 katika 100 kwa waliotibiwa kwa dawa tu. Roho nyingi zilisalimika. Lakini waliobaki wamelala bila fahamu walikuwa 8.5 katika 100 kwa waliofunguliwa na 2.1 kwa wale wengine.

Maana yake ni kwamba operesheni ya pili itakiwe kwa hekima, na mama wa mgonjwa aambiwe ukweli kabla ya kutia kidole chake katika karatasi. Lakini mtu asiitumie operesheni ya pili kuizuia ya kwanza. Kijana wetu wa Rwamishenye ana bonge la damu upande mmoja, na ubongo wake chini ya bonge hilo bado ni mzima. Yeye hataki muujiza. Ataka tundu.

Watasema tena: dawa zipo, tumpe dawa. Hapa hatuna budi kuonya. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kichwa walidungwa dawa za jamii ya steroidi kwa kudhani zapunguza uvimbe. Mwaka 2004 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi ulitoa jawabu: waliodungwa walikufa zaidi. Kwa upande wa pili, uchunguzi wa mwaka 2019 wa wagonjwa zaidi ya 12,000 ulionyesha kwamba dawa ya kuzuia damu iitwayo traneksamiki, ikitolewa ndani ya muda wa saa 3, huwafaa walioumia kichwa kwa kiasi kidogo au cha wastani. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, na wakunga waijua kwa kuwazuilia damu wazazi. Basi elimu yenyewe yatuambia lipi la kuacha na lipi la kushika.

Na mwisho watasema: afadhali kuzuia kuliko kutibu, ajali haina kinga. Hapa wamejipinga wenyewe kwa kauli moja! Kinga ipo, nayo ni kofia ngumu. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi na kuchapwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza kuumia kichwa kwa 69 katika 100 na vifo kwa 42 katika 100. Sheria ya kuivaa ipo. Tunawaambia vijana wa bodaboda, wa Rwamishenye na wa Darajani: kofia iliyo usukanini humkinga usukani. Lakini kuzuia hakumfuti aliyekwisha kuumia. Nyumba ikiungua, hatuwaachi waliomo ndani kwa sababu tumewafundisha majirani kuangalia moto.

Kwa hivyo, tunadai mambo haya, na tunayadai kwa watu wa Bukoba na Muleba kama tunavyoyadai kwa watu wa Pemba.

Kwanza, madaktari wapasuaji walioko Bukoba, wasiopungua watatu ili zamu isikatike, wafundishwe operesheni ya kutoa bonge la damu kichwani, wafundishwe pale pale kazini na wapasuaji wa Bugando na Muhimbili, mpaka waweze kuifanya usiku wa manane bila ya mgeni. Mmoja hatoshi. Mmoja huugua, huhamishwa, hufiwa.

Pili, wapewe vyombo vyake: kekee, msumeno wa waya, vya kuzuia damu, na benki ya damu isiyokauka. Vyombo hivi ni vidogo mbele ya bei ya gari moja la mkubwa.

Tatu, wawepo wataalamu wa usingizi na wauguzi wa wagonjwa mahututi. Tangu mwaka 1993 inajulikana kwamba mgonjwa wa ubongo ambaye presha ya damu yake imeshuka, hata mara moja, hatari yake ya kufa huongezeka maradufu. Mpasuaji hodari bila ya oksijeni ni fundi anayejenga juu ya mchanga.

Nne, hospitali za Muleba kama Rubya na Ndolage, na vituo vya afya vya njiani, vifundishwe kipimo cha Glasgow, kutazama mboni, kumpa mgonjwa hewa na maji ya mshipa, na kupiga simu Bukoba kabla gari halijaondoka, ili chumba cha operesheni kiwe tayari gari linapofika.

Tano, hesabu itunzwe na itangazwe. Wangapi waliletwa, baada ya muda gani, wangapi walifunguliwa, wangapi walifia njiani. Palipo na hesabu ya wazi, uongo hukosa pa kukaa.

Ndipo rufaa itakuwa na maana yake ya haki. Mgonjwa aliyekwisha kufunguliwa, damu ikatolewa na pumzi ikatulia, apelekwe Mwanza kwa yale makubwa yanayobaki, na safari ya kilomita 400 haitamwua.

Mama wa kijana wetu bado amekaa kwenye benchi la hospitali. Ameambiwa gari linatafutwa. Hajui utando wala mboni, wala hajapata kusikia jina la Glasgow. Ajua kwamba mwanawe alisimama kwa miguu yake akasema yu mzima, na kwamba sasa haitiki. Anamwuliza kila avaaye koti jeupe apitaye: "Mwanangu, jee, wamfanyia nini?" Wananchi, mpaka leo jibu analolipata ni karatasi. Tusikubali jibu hilo. Tuwaulize wanaotuomba kura, tuwaulize wanaopanga fedha za mwaka, tuwaulize mbele za watu, huko Rwamishenye na huku visiwani: siku mtoto wa mnyonge atakapoumia kichwa, nani atakayelifungua kasha, na atalifungua saa ngapi?